Nilivyofunika Sola za Wageni

Anyelwisye na mkewe Tumpe walikuja kwetu Masoko, kando ya ziwa, na gari lao lenye kitanda na friji, wakaliegesha uwanjani kwangu. Jenereta wameiacha, sasa wanatumia sola. Asubuhi walizilaza sola zao kwenye nyasi nyuma ya jiko langu, wakashuka ziwani.

Manyunyu yakaanza. Huku kwetu ukiona maharage ya jirani yameanikwa na mvua inakuja, unafunika, huulizi. Nikakata majani ya migomba, nikazifunika zote. Jua likarudi, mimi nikaenda kupalilia, najiona jirani mwema kuliko wote.

Mchana nikamkuta Anyelwisye kalala chini ya gari, anashikashika nyaya. Friji imezimika, na ndani mna dawa ya sindano ya Tumpe, ya kisukari.

"Fundi aliyeniuzia ni tapeli!"

Nikamuunga mkono. "Mafundi wa mjini, mwanangu, hawana hofu ya Mungu."

Tumpe akaita kutoka nyuma ya jiko, "Bibi, nani kafunika sola?"

"Mimi, mwanangu. Zisilowe."

"Bibi, hizi hazianikwi zikauke! Zinakula jua."

Akaja garini, akafungua friji, akaishika dawa. Bado ina ubaridi. Anyelwisye akatoka chini ya gari, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Haya, bibi. Asiye na hofu ya Mungu ni nani?"