Tangulia Wewe, Mama Watoto

Baba yangu alikuwa na mbuzi mmoja ambaye hakumpenda. Alikuwa jike mweupe, mgongo mweusi, pembe moja imevunjika karibu kabisa na kichwa, na tabia yake ilikuwa mbaya kuliko hiyo pembe. Ukimkamua anapiga teke chombo cha maziwa. Ukimpeleka malishoni anarudi peke yake. Mama alikuwa akisema mbuzi huyo ana kichwa cha shangazi yetu, na alisema hivyo shangazi mwenyewe akiwa amekaa hapo hapo, kwa sababu kwetu mtu akitaka kukusema anakusema usoni huku anakumiminia chai. Lakini nisianze na shangazi. Nikianza na shangazi hatutafika.

Tulikuwa upande wa Hulugho, nami ndevu za kwanza zilikuwa zinanitoka. Kulikuwa na ugonjwa wa mbuzi ambao sisi tunauita sambab, maana yake ni pafu tu. Mbuzi anakohoa, ananyoosha shingo kama anayesikiliza kitu cha mbali, na ukiweka sikio kwenye mbavu zake unasikia kama mtu anasugua ngozi kavu. Baada ya hapo ni kumwachia fisi.

Watu wa mifugo wa serikali wakaja na gari na kasha la barafu. Wakasema leteni mbuzi wote, tunawadunga chanjo. Baba akasema karibuni, alhamdulillahi, akawaandalia chai. Kisha akaniambia pembeni, "Chukua wa maziwa wote, uwapeleke nyuma ya kile kichaka. Hawa waache." Hawa walikuwa kiwete mmoja, mkongwe mmoja asiye na meno, wengine wa hivyo hivyo, na yule wa pembe iliyovunjika. Hesabu ya baba ilikuwa rahisi. Dawa ikiua, iue hao. Isipoua, gari litarudi, na wazuri tutawatoa.

Nikakaa na wazuri kichakani, waliotaka kulia nikiwashika midomo. Wale wabovu wakadungwa, wakapakwa rangi nyekundu kwenye paji la uso, gari likaenda. Baba akaanza kuwatazama. Asubuhi na jioni anamshika mbuzi kichwa, anavuta ukope wa chini aone kama damu iko, anaweka sikio mbavuni, ananusa mdomo. Basi yule wa pembe iliyovunjika, ambaye maisha yake yote alijua mawe na matusi, akadhani amependwa. Walaahi, akawa anamfuata baba mpaka msikitini, na msikiti wenyewe ulikuwa mstari wa mawe tu chini.

Gari halikurudi. Sambab ilikuja. Wa maziwa tuliwaburura mmoja mmoja nje ya boma, na wale wa rangi nyekundu wakabaki wamesimama wanatafuna. Baba akasema ni mipango ya Mungu. Hakuna aliyembishia.

Hadithi hii nimeisimulia kwenye harusi na kwenye matanga, na watu hucheka hasa pale pa kushika midomo. Mke wangu ameisikia mara nyingi mpaka ananisahihisha. Nikisahau mgongo mweusi, yeye anausema kutoka jikoni.

Sasa mimi ni mzee, niko Garissa mjini, na mbuzi sina. Mwaka jana mvua zilipokwisha nilianza kukohoa mimi mwenyewe. Nilidhani ni vumbi. Nikanywa maziwa ya ngamia yaliyochemshwa na tangawizi, nikasomewa dua, nikafunikwa mablanketi. Siku mwanangu wa kiume, yule mwalimu, alipokuja kunitazama, alinikuta nimenyoosha shingo. Alikwenda moja kwa moja kutafuta gari.

Hospitali wakaniwekea mpira wa hewa puani. Ilikuwa nimonia. Siku ya kutoka daktari alikaa kwenye kitanda changu, akasema, "Mzee, mapafu yako yamechoka. Kuna chanjo ya wazee ya ugonjwa huu. Nenda wewe na mama, mdungwe. Hii ikikurudia mara nyingine, mimi siwezi kukuahidi kitu." Mwanangu alisikia. Mke wangu alisikia. Kwa hivyo sikuweza kurudi nyumbani na maneno mengine.

Lakini niliweza kwenda kwenye kibanda cha chai. Kiko karibu na soko la mifugo, nasi wazee tunakaa pale ingawa hatuna cha kuuza ila maneno. Nikawaambia.

"Chanjo?" akasema mmoja. "Chanjo ni ya mtoto wa kunyonya. Wewe unanyonya, waryaa?"

"Meno hana," mwingine akasema. "Labda amerudia."

Alhaji wetu akasema yeye alidungwa alipokuwa anakwenda Makka na hakufa.

"Ile ilikuwa ya ibada."

"Sindano inajua ibada?"

"Ile ukikataa hupandi ndege. Hii ukikataa unapanda nini?"

"Unapanda jeneza," akasema Alhaji, na tukacheka mpaka chai ikamwagika, na mimi nikakohoa mpaka wakanipiga mgongo.

Halafu mzee mmoja ambaye kwa kawaida hasemi, anaviringisha tasbihi tu, akasema taratibu, "Wakitaka kujaribu dawa lazima waanze na sisi. Hatuna faida. Hata mimi ningeanza na sisi."

Huyo ndiye aliyeniingia. Wengine walikuwa wanacheza, yeye alisema jambo ambalo nililiona kwa macho yangu Hulugho. Nilikwenda nyumbani nikifikiri, basi leo sisi ndio wa pembe iliyovunjika. Na mtu angedhani kwamba mwenye kufikiri hivyo atamhurumia kila aliye na pembe kama hiyo.

Mwanangu alitupeleka kliniki asubuhi. Tukakaa kwenye benchi, mke wangu na mimi, yeye amevaa ile shashi yake ya kichwani ya sikukuu, kwa sababu kwake kutoka ni kutoka. Nesi, msichana wa kutoka bara, akafungua mlango akasema, "Nani anaanza?"

Nikasema, "Tangulia wewe, mama watoto."

Nilisema kwa sauti nzuri, ya mtu anayempisha mgeni mlangoni. Akaniangalia, akafurahi, akaingia. Alipotoka ameshika mkono wake wa juu, nilimwambia mwanangu kwamba kifua kimenibana kidogo, nitakuja siku nyingine. Kifua hakikuwa kimebana. Hicho ndicho kichaka changu.

Usiku huo mkono wake ulivimba kidogo na mwili ukapata joto. Nesi alikuwa amemwambia itakuwa hivyo na itaisha. Mimi sikulala. Nilimuuliza kama anapumua vizuri. Nilimletea maji. Asubuhi nikamuuliza amelalaje, na mchana nikamuuliza amekula nini. Lazima niseme ukweli, katika ndoa yetu yote mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa maswali hayo. Alinizalia watoto mimi nikiwa Elwak na ngamia wa watu, na niliporudi niliuliza kwanza habari ya mvua.

Basi akafurahi. Nilimsikia nyuma ya ukuta akimwambia jirani, "Mzee wangu siku hizi amekuwa laini. Ugonjwa ule umemfundisha." Jirani akasema naye wake apelekwe hospitali afundishwe. Wakacheka wale wanawake, na mimi nikakaa ndani na kikombe changu, nikisikia uso unaniwaka kama nimepigwa kofi.

Joto likamwisha, uvimbe ukashuka. Hapo ningenyamaza, mambo yangekwisha. Lakini mikono ya mtu ina mazoea yake. Alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele, jua linampiga usoni, nami nikachuchumaa mbele yake, nikamshika kidevu, nikavuta ukope wake wa chini kwa kidole gumba nione kama damu iko.

Mikono yake ikasimama kwenye mchele.

Hakunisukuma. Aliacha nimalize kuangalia. Kisha akauliza, "Yule mbuzi wa pembe iliyovunjika, alikuwa wa rangi gani?"

Anajua rangi yake kuliko mimi. Nikajibu hata hivyo, "Mweupe."

"Na mgongo?"

"Mweusi."

"Na baba yako alikuwa anamtazama hivi?"

Nikakiachia kidevu chake. Akarudi kwenye mchele wake, akatoa jiwe dogo, akalitupa uani. "Sasa umeona sikufa," akasema. "Unaweza kutoka kichakani. Au kaa huko huko na wale wa maziwa, tuone."

Tangu siku hiyo hakunisema tena. Alinipikia, alinifulia, alinijibu nilipouliza. Ila nilipoanza hadithi yoyote mbele ya wageni, ya mbuzi au si ya mbuzi, alikuwa anasimama anakwenda nje. Na kikohozi changu kilikuwa kinarudi alfajiri, kidogo kidogo. Nilikuwa nakizuia kwa shuka ili asisikie. Alikuwa anasikia. Alikuwa anageuka upande wa pili.

Nikaamua kwenda. Siogopi sindano tena, nikajiambia, kwani imeshajaribiwa, na nilipojisikia nikisema neno hilo hata mimi mwenyewe nilichukia. Nilimwambia mwanangu, "Nipeleke." Mke wangu akasema atakuja pia. Hakuvaa shashi ya sikukuu.

Benchi lilikuwa limejaa wazee, wanaume kwa wanawake, na wengi walikuwa wameletwa na watoto wao kama sisi. Mmoja alikuwa anamgombeza binti yake kwamba yeye na maisha yake yote hajakohoa, huku anakohoa. Mwingine alitaka kujua kama sindano inafunguza saumu, na mwezi wa Ramadhani ulikuwa bado mbali. Nikaketi mwisho. Mke wangu aliketi mbele, kati ya wanawake.

Yule nesi wa bara akatoka, akanitambua. "Mzee! Wewe ni yule wa siku ile, uliyesema mama atangulie." Kisha akawageukia wote, na uso wake ulikuwa mzuri, hakuwa na kejeli hata kidogo. "Wazee, mnamuona huyu? Wanaume wengi wanaingia kwanza, mama anabaki nyumbani. Huyu mwenyewe alikuwa ametoka kuugua, lakini akamtanguliza mke wake. Hayo ndiyo mapenzi. Mjifunze kwake."

Mzee aliyekuwa anakohoa akasema, "Maa shaa Allah." Na bibi mmoja aliyeketi karibu na mke wangu, akidhani labda mwenzake hakuelewa Kiswahili, akamtafsiria yote kwa Kisomali, neno kwa neno, kwa sauti ya juu, na mwisho akaongeza la kwake, "Una bahati, dada yangu."

Mke wangu alikuwa ameelewa tangu mara ya kwanza. Akamsikiliza yule bibi mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akanigeukia. Nilingoja aseme. Nilitaka aseme, walaahi, nilitaka awasimulie wote kuhusu ukope, wacheke mpaka benchi livunjike, kwa sababu watu wakinicheka ninajua mahali pa kuweka macho yangu. Hakusema. Alimwambia yule bibi, "Ndiyo, nina bahati," akakunja mikono kwenye mapaja yake.

"Haya, mzee wa mapenzi," nesi akasema, ameshika mlango. "Ingia, ni zamu yako."

Nikasimama. Wakanipisha, wakivuta miguu yao ndani, na mmoja akanigusa bega kwa heshima nikipita. Mlango ulikuwa mkono wa kushoto. Nikamwambia nesi kwamba naenda kunawa uso kwanza. Nikapita bomba la maji, nikapita geti, nikapita punda wa mikokoteni waliosimama kivulini, nikaingia barabarani na kuendelea kutembea, na kliniki ile sijarudi tena.