Domomwiko wa Nansha

Vuli ya Guangzhou, Uchina, naijua kwa pua. Vitabu vya shule viliuita msimu huu mapukutiko, lakini katika mji ule majani hayapukutiki. Kinachokuja ni harufu ya maua madogo ya njano yaitwayo guihua, tamu kama embe lililoiva kupita kiasi, ikipanda ngazi za jengo letu la mtaa wa Xiaobei na kukutana na harufu ya maboksi mapya na tepu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Mama yangu, Mzanzibari mwenye sauti ya chini na miguu isiyochoka, alinunua vyombo vya nyumbani na kuvipakia kwenye kontena. Baba alibaki Unguja akiuza dukani, na vuli ile wawili hao walikuwa wakivutana juu yangu. “Mtoto anakulia ghalani,” Baba alisema kwenye simu. “Haoni mti, haoni mnyama, anajua sahani tu. Kontena hili likifungwa, na yeye arudi.” Mama alinyamaza, nami nilijua kunyamaza kwake ni nusu ya kukubali. Baba nilimpenda sana, lakini kulala mbali na Mama sikuweza hata kukufikiria.

Basi nikaanza kutafuta mnyama. Kila nilipoachiwa simu ya Mama, nilirekodi na kumtumia Baba. Nilirekodi mjusi ukutani, nikarekodi paka wa muuza tambi, nikarekodi kasa waliorundikana kwenye beseni sokoni. Baba alijibu kwamba paka hata kwetu wamejaa, na kwamba wale kasa walikuwa kitoweo cha watu. Nilikasirika mpaka nikasusa chai.

Siku ya kupakia tulikwenda Nansha, kusini kabisa mwa mji, kwenye ghala lililopakana na mabwawa ya samaki. Vuli ndiyo wakati wa kuvua, kwa hiyo wenyewe walikuwa wameyapunguza maji hadi tope likabaki linameta. Nikazunguka nyuma ya ghala kutafuta pa kucheza, nikasimama kama niliyepigiliwa misumari. Ndege weupe, warefu, wenye nyuso nyeusi, walikuwa wakitembea topeni, na midomo yao ilikuwa miiko kabisa, miiko ya kupakulia wali, wakiipeleka kushoto na kulia kana kwamba wanakoroga chungu. Nilirudi mbio kwa Mama.

Mama alikuwa ameshainua simu. Wafanyabiashara wetu wana desturi: kabla mlango wa kontena haujapigwa lakiri, mzigo hurekodiwa kwa mfululizo mmoja, kuanzia mbali hadi kona ya mwisho, bila kukata. Mteja haamini video iliyokatwa. “Palipokatwa ndipo palipoibiwa,” Mama alizoea kusema. Wakala wa kusafirisha mizigo alikuwa akimhimiza, dereva wa lori amewasha injini.

“Mama, kuna ndege wana miiko usoni,” nikasema.

Alinitazama usoni. Naamini aliyaona yote niliyokuwa nikiyaogopa. “Deng yixia, laoban,” akamwambia wakala, yaani ngoja kidogo, bosi. Kisha akakunja baibui lake na kunipa simu. “Haya, nionyeshe.”

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama kweli, tukanyatia juu ya tuta. Nilirekodi kama nilivyofundishwa, kwanza kwa mbali, kisha karibu, ndege mmoja baada ya mwingine, nikinong’ona: “Mzigo wako huu, Baba. Wote wazima, hakuna kilichovunjika.” Nyuma yangu kiatu cha Mama kikanasa topeni. Akakivuta, akaanguka kitako, ndege wote wakaruka pamoja. Sikukata. Niliwafuata angani, kisha nikageuza simu, na pale alikuwa Mama, kiatu mkononi, tope hadi kiunoni, anacheka hadi machozi yanamtoka.

Tulimtumia Baba video ile, na jioni akapiga. “Shikamoo, Baba,” nikasema.

“Marahaba. Ndege nimewaona, wazuri.” “Mama yako sijamsikia akicheka hivyo tangu aende huko. Ukirudi wewe, atacheka na nani? Baki naye.”

Leo kurekodi ndege ndiyo kazi yangu, na kila vuli narudi Nansha. Guihua yananukia vilevile. Mabwawa mengine yamekuwa maghala, na lenzi yangu huhesabu manyoya ya domomwiko bila mimi kuchafua kiatu. Watazamaji wa siku hizi hawana subira, kwa hiyo nakata pale ndege anaporuka. Mama amerudi Unguja, magoti yamemchosha. Juzi nilimtumia video ya kundi lililofika asubuhi ile, nikijua kazi ni safi na nikisubiri sifa. Akanirudishia ujumbe, kwa sauti yake ya chini.

“Ndege nimewaona, mwanangu. Mbona umekata? Geuza, nikuone wewe.”