Anayefagia Nyuma

Mjini kwao walimwita Kona, na jina likamkaa. Ukimwuliza njia ya kufika popote, alikujibu kwa kona: kona ya kwanza jabali jeusi, kona ya pili shimo la mbweha, kona ya tatu ukipotea shauri yako. Mji wenyewe uko pale lami inapokatia tamaa. Barabara moja, maduka sita, kituo cha mafuta ambacho siku nyingine hakina mafuta, na mchanga unaokufuata mpaka ndani ya kikombe cha chai. Lakini wageni wanakuja, tena kwa wingi, kupanda vilima vya mchanga na kupiga picha jua likizama, na Kona alikuwa akiwatembeza tangu hajaota ndevu.

Vilima alimwonyesha kila mtu. Bwawa, hapana. Mwendo wa saa mbili kwa miguu, ndani ya majabali, kuna ufa ambao ukiupita kiubavu unatokea kwenye maji baridi, safi, ya kina cha kifua. Marehemu baba yake aliwaonyesha watoto wake wawili tu, yeye na dada yake, na akawapa utaratibu. Wageni wasizidi wanne. Sabuni marufuku. Na wakati wa kutoka, mmoja abaki nyuma na tawi kavu, afagie nyayo zote mchangani, na aliyetangulia asigeuke. Ukigeuka, alisema mzee, unamwambia mwenzio kwamba humwamini.

Dada ndiye aliyekuwa mfagiaji. Miaka yote waliyotembea pamoja, Kona hakugeuka hata mara moja. Kisha dada akaolewa, akafiwa na mume, akafungua gesti ya vyumba vinane, na magoti yakaanza kumsumbua. Kona akawa anawatanguliza wageni na kufagia mwenyewe. Wageni wake wote wa bwawa aliwapeleka kulala kwa dada, na milango ya gesti ni yeye aliyeipaka rangi, rangi aliyoikoroga kwa mabaki ya makopo matatu. Ikatoka kijani cha ajabu, kama tango lililosahaulika jikoni. Dada alicheka mpaka akakaa chini.

"Mdogo wangu, rangi hii dunia nzima tunayo sisi tu!"

Siku moja dada huyo akaja kwake asubuhi, amejifunga kitambaa cha safari, mkoba begani. "Nimemwota baba," akasema. "Nipeleke bwawani mara moja, kabla magoti haya hayajanikatalia kabisa."

Jamani, furaha aliyokuwa nayo Kona! Alimbebea maji, alimshika mkono kwenye kila mteremko, alimchekesha njia nzima. Bwawani dada alikaa ukingoni, akaloweka miguu, akalia. Kona akasogea pembeni amwache alie kwa nafasi. Walipotaka kurudi, dada akaokota tawi.

"Tangulia. Nitafagia mimi, kama zamani."

Akatangulia. Kila kona dada alichelewa, tena alichelewa sana, na kila kona Kona alimsubiri akiwa amempa mgongo, huku moyoni akisema, maskini dada yangu, magoti yatamuua.

Wiki tano zikapita bila mgeni wa bwawa. Kisha wakaja mume na mke, walimu wastaafu, watu wa taratibu, na Kona akaona hawa ndio wanaostahili. Hawajafika hata kona ya pili, yule mama akauliza, "Mishale hii umechora wewe?"

Kwenye jabali, usawa wa goti, palikuwa na mshale wa kijani. Kile kijani.

Kona aliinama akaigusa rangi kwa kidole. Mbele kidogo, mshale mwingine. Alijaribu kujidanganya, wallahi alijaribu: labda kuna mwizi aliyeiba kopo, labda ni utundu wa watoto. Lakini mishale yote ilitazama wanaoingia. Mtu anayetoka asingeweza kuiona hata mmoja, isipokuwa ageuke nyuma. Akakumbuka ule mkoba aliokuwa nao dada begani, na jinsi alivyokataa katakata kupokewa.

Bwawani walikuta watu kama thelathini wenye fulana za namna moja. Redio inapiga, povu la sabuni limetanda mpaka ukingoni, chupa zinaelea. Binti mmoja mwenye filimbi shingoni akamsogelea Kona kwa adabu kabisa.

"Shikamoo mzee. Tiketi zenu, tafadhali."

Tiketi! Aombwe tiketi yeye! Aliwarudisha wale walimu mjini, na kwa mara ya kwanza maishani akaacha nyayo bila kufagiwa.

Alimkuta dada anapiga pasi mashuka. Vyumba vyote vinane vilikuwa na viatu mlangoni.

"Umenizunguka, dada."

Dada hakujifanya hamnazo. Aliisimamisha pasi. "Kampuni ya hao wa tiketi imeahidi kunijazia vyumba mwaka mzima. Ulikuwa unaniletea wageni wanne, mdogo wangu, wanne, halafu mwezi mzima nafuta vumbi kwenye vitanda vitupu. Ningekuomba, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Haya. Ulitaka nifanyeje?"

"Ungenipiga vita mchana kweupe! Ungeniambia Kona, mimi na wewe basi! Siyo unishike mkono nikuteremshe, halafu unipake rangi mgongoni!" Alikuwa na swali moja tu lililomkaba tangu kule majabalini, na aliogopa kuliuliza. "Pale ukingoni ulilia. Yale machozi yalikuwa ya nini?"

Dada alilikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Yalikuwa machozi kweli," akasema. "Nililia kweli, halafu nikafanya."

Angesema aliigiza, Kona angemtukana na yangekwisha siku hiyohiyo. Badala yake alisimama akiutazama mlango alioupaka kwa mikono yake, kisha akaondoka.

Bado anatembeza wageni, vilimani tu. Bwawa hataki hata kulisikia likitajwa. Akipita mbele ya gesti anamsalimia dada, shikamoo, marahaba, kwa kuwa ni mkubwa wake na adabu ni adabu, na hapo wanaishia. Ila wageni wanamshangaa kwa jambo moja. Kila kona anasimama, anageuka, anawatazama mmoja mmoja mpaka mikononi, ndipo anaendelea. Juzi mgeni mmoja alimwuliza kama kuna kitu amekidondosha huko nyuma.

"Hapana," Kona akamjibu. "Wewe pita mbele."