Mayai Yaliyopimwa

Mama Shaba alikuwa na kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia uzito juu ya magunia. Kila jioni aliinama bandani, akaokota mayai, akayachora vistari: kimoja Jumatatu, viwili Jumanne, mpaka sita Jumamosi. Jumapili alichora duara. Siku hiyo hata kuku wangepaswa kupumzika, alisema, ila wake hawakuwa na dini. Hivyo yai la zamani lililiwa kwanza, wala hakuna lililooza.

Jina alilipata kazini. Kwa miaka kumi na minne alivunja televisheni, kompyuta na friji zilizotupwa, katika uwanja ulio nyuma ya nyumba yake. Nyaya alizirundika, akaziwasha kwa vipande vya sponji vilivyotoka kwenye kuta za friji, plastiki ikayeyuka na shaba ikabaki inang'aa. Majivu yakipoa, kuku walivamia kuchakura. Viini vya mayai yao vilikuwa vyekundu kama tofali jipya, na hilo lilimpa fahari.

Shaba yote ilipimwa na kaka yake, wa tumbo moja, ambaye uwanja mzima ulimwita Mizani. Ndiye aliyekuwa mnunuzi na ndiye mwenyekiti wa wavunjaji wote. Marehemu mama yao alizoea kuwaambia: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Mama Shaba aliyashika maneno hayo. Kila Jumamosi alimpelekea kaka yake trei ya mayai.

Miaka miwili nyuma walikuja watu wa chuo, wamevaa glavu, wakachota majivu kwenye chupa, wakaomba na mayai kumi. Majibu yaliletwa kwa mwenyekiti.

"Wamesemaje, kaka?"

"Wamesema mayai yako yana nguvu, dada."

Tangu siku hiyo majirani hawakupumua. "Ya kwangu yamepimwa!" aliwatambia. "Ya kwako yamepimwa na nani, jogoo?"

Yai la kwanza la kila asubuhi lilikuwa la mjukuu wake, mtoto wa miaka mitatu aliyeitwa Bibi Mdogo kwa kuwa alirithi jina la bibi yake, na ukaidi wake pia. Mama yake alishona sare kiwandani, hivyo mtoto alishinda kwa bibi. Alikimbia, alicheka, alivuta mikia ya kuku. Lakini maneno hayakuja. Alisema "maji", alisema "bibi", basi. Kuyaunga mawili hakuweza. Daktari alimtoa damu, akawaambia warudi Alhamisi.

"Mama, wenzake wanaimba," binti alilalamika.

"Hata wewe ulichelewa, na leo nani anaweza kukunyamazisha? Mwache ale, atasema."

Jumatatu wifi yake, mke wa Mizani, alishikwa na homa. Mama Shaba akaenda kumsaidia. Akafagia jiko, akabeba taka mpaka shimo lililo nyuma ya nyumba. Chini ya maganda ya viazi akaona mayai. Mazima. Mengine yalikuwa yamepasuka na kunuka. Akaokota moja, akaligeuza. Vistari vinne.

Akarudi ndani nalo kiganjani.

"Wifi, hili ni langu."

Wifi akajifunika shuka mpaka kidevuni. "Muulize kaka yako."

"Nakuuliza wewe."

"Alinikataza, wifi. Watu wa chuo walisema sumu ya majivu imeingia kwenye kuku mpaka kwenye kiini. Walisema watoto hasa wasiguse. Sisi tunanunua ya dukani."

"Tangu lini?"

"Tangu walete majibu."

Hakumaliza usafi.

Kesho yake asubuhi Mizani alipofika uwanjani na kitabu chake kwapani, alimkuta dada yake ameweka kikaango kwenye makaa. Mayai mawili, viini vyekundu, chumvi juu. Akamwekea sahani juu ya bamba la mizani.

"Leo unanihonga?" Mizani akacheka.

"Kula, kaka."

"Nimeshakunywa chai."

"Kula moja tu. Yana nguvu."

Kicheko kikamkauka. Wavunjaji wengine wakaacha nyundo zao.

"Nilikuwa nitakuambia," alisema kwa sauti ya chini.

"Lini? Mtoto akishaolewa?"

"Ungezima moto, dada. Ungezima, na wote hawa wangezima. Tungekula nini? Shaba hii ndiyo iliyomsomesha mwanao."

"Moto niachie mimi na kifua changu. Lakini mayai! Neno moja tu: usimpe mtoto mayai. Lingekupunguzia nini?"

Mizani aliitazama sahani. "Ungejua ya mayai, ungeuliza ya moshi."

Alimwangalia kaka yake. Huyu aliyembeba mgongoni walipokuwa wadogo, aliyepokea trei kila Jumamosi kwa mikono miwili na kusema asante dada, Mungu akuzidishie. Trei zaidi ya mia. Kila moja alishukuru. Akaichukua sahani, akaimwaga kwenye majivu. Kuku wakaja mbio, akawafukuza kwa mguu, kisha akakumbuka kwamba hata hilo halina maana tena.

Siku hiyo hakuwasha moto. Wengine waliwasha kabla ya adhuhuri.

Alhamisi walikaa watatu mbele ya daktari. Alisema kuna risasi nyingi kwenye damu ya mtoto, akaeleza taratibu kwamba si risasi ya bunduki, ni madini, nayo huchelewesha akili na maneno. Kuna mengi ya kufanya, lakini kwanza chanzo kijulikane. Anacheza wapi? Anakula nini?

Binti alifungua mdomo. "Anakula vizuri tu, daktari, mama yangu anam—"

"Yai," Mama Shaba alidakia. Bibi Mdogo alikuwa mapajani pake, anachezea kifungo cha gauni lake. "Kila asubuhi. Nampa mimi, kwa mkono wangu huu."

"Bibi," mtoto alisema, akauvuta ule mkono.