Sauti ya Katikati

Nakumbuka vizuri siku tuliyomzika baba yangu kule Mutomo. Nilikuwa mpiga gitaa wa kanisa, kijana wa kujipiga kifua, na kodi yangu (ya gitaa, mwanangu, zile sauti zinazopigwa pamoja, si ile ya nyumba) lazima ijae nyuzi zote sita. Hiyo pawa kodi yenu ya vidole viwili niliiita ya wavivu.

Mama aliomba jambo moja tu: amwimbie mumewe kabla jeneza halijashushwa. Nami nilitaka kumfariji, maskini mimi, kwa hivyo nikampigia kodi zilizochangamka, za furaha ya mbinguni. Akaanza, akanyamaza. Sauti yake ilikuwa ya majonzi, gitaa langu la shangwe, zikagongana. Akaanza tena. Wapi! Pasta akatazama saa, akanyoosha mkono achukue maikrofoni. Vijana wakashika kamba za kushushia jeneza. Nikaona mama atamzika mumewe bila wimbo wake, na mimi ndiye nimemnyang'anya.

Mzee Nzioki, aliyenifunza gitaa, akaniinamia sikioni.

"Nani amekutuma umwambie mama yako afurahi?"

"Mzee, nilitaka kumsaidia."

"Basi ondoa sauti ya katikati ya kodi. Hiyo ndiyo hucheka au hulia. Bakisha ile ya chini na ya tano kutoka hapo, nyuzi zingine zizime kwa mkono. Kulia atalia mwenyewe."

Nikapiga nyuzi nene mbili tu, ile ile kodi niliyoiita ya wavivu, taratibu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sauti ile haikucheka wala haikulia, ilisimama tu, na mama akapata pa kukanyaga. Aliimba mpaka mwisho, machozi yakimtiririka, na kwenye ubeti wa mwisho, amini usiamini, akatabasamu. Mimi sikuwa nimebadilisha hata kidole. Niliona aibu, nikaona na raha pia.

Basi sikia, mwanangu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ukimwendea mwenye msiba, usimchagulie cha kuhisi, wala usimkimbilie na "jikaze" na "mshukuru Mungu" kabla yeye hajasema neno. Simama imara karibu naye, umwachie nafasi. Mungu akubarikie mikono hiyo, akupe na masikio. Na siku mtakaponizika mimi, umwache mama yako aimbe atakavyo.