Siku Kukhu Namalwa Alipotajirika

Kwa muda mrefu niliamini kwamba tableti ya mtafiti ina pua. Niliambiwa hivyo kwa kinyozi wa mtaani kwetu Shieywe, mjini, na aliyeniambia alikuwa amenyolewa nusu kichwa, kwa hiyo sikuona sababu ya yeye kudanganya. Alisema ukiingia nayo kwa mtu inavuta hewa, inanusa sofa, inanusa redio, inanusa kuku hata akiwa bado ndani ya yai, kisha inapeleka habari Nairobi. Maskini wa kweli huletewa ng'ombe wa gredi. Mwenye sofa haletewi hata kwato.

Basi nilipoajiriwa kuhoji watu katika utafiti wa hali ya maisha vijijini, niliipokea tableti yangu kama mtu anayepewa chui ashike. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nihitimu shule ya usiku, na mtaa mzima uliniaga kana kwamba naenda mwezini. Kiongozi wetu, Madam Zainabu wa Mumias, mama mpole asiyepandisha sauti, alituambia, "Jioni nitakagua nyumba za kila mmoja wenu. Majibu yasipofanana na nitakachokiona, tutaagana kwa salama." Mambo ya pua hayakutajwa, nami sikuuliza. Msomi mzima, niulize pua?

Asubuhi boda ilinichukua Shieywe. Tulipoacha lami na kushika murram, vumbi lilinipaka mpaka dereva akageuka kuuliza kama mimi ndiye yule aliyempakia. Tableti nilikuwa nimeifunga kwa taulo, isije ikanusa miwa ya watu njiani ikachoka kabla ya kazi.

Kufika Navakholo, nilianzia kwa Mzee Makokha, mkulima wa miwa. Nilimkuta sebuleni amekalia jiwe. Chumba kilikuwa kitupu, ila sakafuni palionekana alama safi za miguu ya viti.

"Mzee, una sofa?"

"Sofa ni nini?" aliuliza, akaegemea nyuma kwa mazoea, akaanguka.

Nilimsaidia kuinuka. "Kuku je?"

"Hatujawahi."

"Ng'ombe?"

"Nawasikianga tu."

Aliyeumia hapo ni mkewe, Mama Nekesa. Aliniletea chai ya rangi kwa aibu, maana kwao mgeni haondoki bila ingokho, kuku wa heshima.

"Baba Nekesa, mgeni ametoka town, aende hivi hivi? Watu watasema nini?"

"Wasemange."

Mama alitoka kwa mlango wa nyuma. Aliporudi alikuwa na jogoo kwapani, mkubwa kama mbwa wa polisi.

"Huyo ameokotwa," Mzee aliniambia haraka.

Kabla sijauliza jogoo huokotwa wapi, simu ililia. Ni Madam: watu wa nyumba yangu ya pili walikuwa wamehama, kwa hiyo nihoji jirani wa karibu kabisa. Jirani huyo alikuwa mjane mzee, Kukhu Namalwa, yaani Bibi Namalwa. Niliposema jina, uso wa Mzee ulibadilika.

"Huyo usiende. Ni mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

"Bado hajaamua."

Nilienda. Nyumba yenyewe ni ya udongo, ndogo, ukipiga chafya unaigawa. Lakini ndani! Sofa zilipandana mpaka darini, redio ziliongea zote kwa pamoja, na uani ng'ombe walifungwa kwenye mparachichi kama siku ya soko. Kijiji kizima kilikuwa kimeficha mali kwa mjane ambaye hakuwa amechaguliwa kuhojiwa. Kumbe habari za kwa kinyozi zilikuwa zimefika hata huku! Kukhu alikuwa juu ya sofa ya juu kabisa, miguu ikining'inia.

"Mulembe, mtoto wangu," alinisalimu. "Uliza."

"Kukhu, sofa hizi ni za nani?"

"Ziko kwa nani?"

"Kwako."

"Basi andika."

Mzee Makokha, aliyekuwa amenifuata mbio na majirani nyuma yake, alichungulia dirishani. "Kukhu! Tulipatana nini?"

"Tulipatana niweke. Nimeweka. Hata yule ng'ombe mwenye baka, andika ni wangu. Anaitwa Namalwa."

Jasho lilinitoka debe zima. Nikiandika hivyo, mjane huyu anakuwa tajiri Nairobi, na jioni Madam anakuta nyumba imebaki kuta. Kazi kwaheri. Nikaifungua taulo, nikainua tableti watu wote waione.

"Sikilizeni. Nikishaandika hapa, kitu ni cha Kukhu. Mashine hii haisahau, tena mnajua ina pua." Nikashusha kidole polepole. "Sofa ya kwanza, mwenyewe ni Kukhu Nama..."

"Ni yangu!" Mzee alipiga kelele. "Na vitambaa vyake alishona Mama Nekesa!"

"Redio nyekundu ni yetu!" sauti ya mwanamke ikadakia. Wakapanga foleni wenyewe, kila mtu akitaja mali yake kwa fahari, hadi mmoja akaanza kudai tai niliyovaa. Vitu vilirudi makwao juu ya vichwa.

Nyumba ilibaki na kigoda, sufuria na Kukhu, ambaye alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nimekuwa tajiri mpaka nimechoka," alisema. "Sasa andika vile iko. Maji nachotanga mtoni, na magoti yameisha."

Niliandika. Kisha nikarudi kwa Mzee nikaanza upya maswali yake, safari hii sote tukiwa kwenye sofa, jogoo wa kuokotwa akiwa mezani juu ya obusuma, ugali wa kwao. Tableti niliiacha nje chini ya beseni, isije ikamezea mate.

Jioni Madam Zainabu alibisha. "Asalaam aleikum. Mzee, ng'ombe unao?"

"Ninao, na huyo mwenye baka ni mkorofi sana."

Madam alitazama uani, akatazama majibu yangu, kisha akavuka kwa Kukhu akafanya vivyo hivyo. Kazi yangu ikapona.

Njiani kurudi mjini, ndani ya gari la utafiti, shibe ilinipa ujasiri. "Madam, samahani. Pua ya hii tableti iko upande gani?"

Aliigeuza huku na huku, nafikiri kwa huruma.

"Haina pua," alisema. "Na hakuna ng'ombe wa kumpa mtu. Tunauliza tu, ili wanaopanga bomba la maji wajue kuna mama anachota mtoni."