Upande wa Pili wa Kikombe

Asubuhi moja ya mwisho wa Septemba 1990 nilikuwa nimekaa kwenye benchi la Mama Vestine, pale mtaani kwetu Gitega, Kigali, nikimfundisha namna ya kuuza maziwa. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina digrii ya biolojia, na maishani mwangu sikuwa nimeuza hata kiberiti. Nilimshauri apange vikombe kwa ukubwa. Alinisikiliza kwa adabu, akachota maziwa ya mgando, akamimina kikombeni, akanywa funda moja, kisha akanipa.

Ndivyo alivyomhudumia kila mteja. Kwetu Rwanda mwenyeji huonja kwanza kinywaji anachompa mgeni, ili mgeni ajue hakina sumu. Wauza maziwa wengi walikuwa wameacha desturi hiyo, maana ukionja vikombe hamsini kwa siku tumbo litakushinda. Yeye hakuacha. Alikuwa mjane mnene, na mama yangu, aliyekaa naye ukuta kwa ukuta, alimtania kwamba faida yote anaibeba kiunoni.

"Wacha, Mama Hamza," alijibu. "Hii mwili iko ya wateja."

Sisi tulikuwa Waswahili, yaani Waislamu wa mjini, na Kigali nzima ilitujua kwa jambo moja: ujanja. Mkuu wa shule ya kwanza niliyoomba kazi alitazama cheti changu mbele, akakigeuza akatazama nyuma, kisha akaniuliza kwa upole ni nani aliyenitengenezea. Kwa hiyo nilijihesabu bingwa wa kutambua uzushi. Nilidhani mtu aliyewahi kusingiziwa hawezi kusaidia kumsingizia mwingine.

Oktoba vita vikaanza kaskazini. Mjini vilitufikia kwa njia ya vizuizi barabarani, amri ya kutotoka nje usiku, na redio. Mama Vestine alikuwa Mtutsi. Jambo hilo mtaa mzima ulilijua tangu zamani, na halikuwa na kazi yoyote. Sasa likapewa kazi. Tangu utoto wangu nilisikia watu wakisema kwamba wanawake wa Kitutsi wana sumu, ila walisema huku wakicheka. Mwaka ule waliacha kucheka.

Februari iliyofuata binti mdogo wa Aloys akaharisha siku mbili. Aloys alikuwa fundi baiskeli, tena mjumbe wa mtaa wetu. Si mtu mbaya, nilikuwa nikisema wakati huo. Aliwahi kunitengenezea mnyororo bure. Alikuja na watu kama kumi, wakasimama mbele ya benchi. Mmoja wao alikumbusha kwamba mama huyu huonja kila kikombe mbele ya mteja. Mwingine alikuwa na jibu tayari. Huonja upande wake, alisema. Sumu iko upande wa pili.

Mama Vestine alikuwa ameshika upawa. Alinitazama.

"Mwalimu, waambie."

Nikawaambia. Nilisimama kama niko darasani, nikaeleza kwamba hakuna sumu hapa, kwamba tumbo la mtoto husumbuliwa na mikrobe, vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba pengine siku ile maziwa hayakuchemka vya kutosha.

"Mikrobe," alisema Aloys. Uso wake ulilegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Wakatawanyika. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kubwa, nikamsimulia mama yangu jinsi elimu ilivyomwokoa jirani yetu. Mama alikuwa akichambua mchele. Aliniuliza kama sisikii harufu ya maziwa yakichemka kila alfajiri, hapo nyuma ya ukuta wetu.

Nilikuwa naisikia. Kuwaambia watu kwamba maziwa yalichemshwa kungekuwa kuwaambia kwamba wanamwonea bure, na Aloys alikuwa mtu wa kuogopwa kidogo. Vijidudu havikumuudhi mtu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa ustaarabu sana. Watu waliokuwa wakiona aibu kutamka neno sumu walipata neno safi. Makarani wawili, waliokunywa pale kila asubuhi kwa miaka, wakaanza kupitia upande mwingine wa barabara. Hawakuwa na chuki na mtu, walinieleza. Walikuwa wanajali afya. Aprili kamati ya mtaa ikafunga kibanda kwa sababu za usafi. Karatasi iliyobandikwa mlangoni ilitaja maelezo ya mwalimu.

Mama Vestine akahamia kwa kaka yake, kwenye kilima kimoja ng'ambo ya Kicukiro. Binti yake alikuwa Burundi kwa shangazi yake, akisoma. Siku ya kuondoka alimwachia mama yangu vikombe viwili vya udongo. Mimi nilibeba godoro. Aliona hali yangu, akanigusa mkono.

"Haukukosea, Mwalimu. Mikrobe iko."

Alikuwa ananifariji mimi.

Aprili 1994 kizuizi kiliwekwa kwenye kona yetu. Aloys alikuwa hapo, na rungu.

Kwenye ghala letu, nyuma ya magunia ya makaa, mama yangu alikuwa amewaficha wanawake wawili wa Kitutsi.

Siku ya tano maji yaliisha. Nilichukua dumu, nikatoka.

Aloys alisoma kitambulisho changu, ingawa alijua kilichoandikwa: Mhutu. Akakishika kidogo.

"Yule wa maziwa yuko wapi?"

"Alihama."

"Hakuwa msafi," alisema. "Wewe mwenyewe ulituambia."

Alisema bila ukali, kama anayekumbusha jambo tulilokubaliana sisi wawili.

Nilitikisa kichwa kukubali.

Akanipa kitambulisho. Nikaenda kuteka maji.

Wale wawili walipona. Julai tulipata habari kwamba Mama Vestine aliuawa pamoja na kaka yake katika wiki ya kwanza, kwenye kilima ambako hakuwa na jirani aliyemjua. Labda hata kwetu wangemfuata. Nimepima jambo hili kwa miaka mingi, na kila mara napata jibu linalonifaa mimi, ndiyo maana siliamini. Mama yangu hakunilaumu hata siku moja. Alifagia ghala, akasema tu kwamba palikuwa na nafasi ya mtu wa tatu.

Miaka mitatu baadaye Vestine alirudi kutoka Burundi, akaja kutusalimu. Ana kicheko cha mama yake. Nilichemsha maziwa mara mbili, nikayamimina katika kimoja cha vile vikombe, nikampa. Alikishika bila kunywa. Nikadhani ni ya moto mno, nikaanza kumweleza jinsi udongo unavyotunza joto. Mama yangu akakohoa.

Nikakichukua kikombe. Nikanywa funda moja mbele yake, nikaungua ulimi, nikamrudishia.

Sijui kama mama yake aliwahi kumsimulia maneno ya siku ile, na sijamuuliza. Vestine alikigeuza kikombe taratibu, akanywea upande wa pili.